Kompyuta Ikiganda, Acheni Kufomati!

Leo sina upole. Nina ugomvi na mafundi wenzangu wa kompyuta, na ugomvi wenyewe ni wa neno moja tu: kufomati.

Kompyuta ikiwa nzito, fomati. Sauti ikipotea, fomati. Na ikiganda, yaani picha imesimama, kipanya hakisogei, kibodi haijibu, hakuna anayeuliza iliganda saa ngapi wala ilikuwa ikifanya nini. "Hii ina virusi, tuifomati." Mteja analipa, anaenda zake, na baada ya wiki mbili yuko mlangoni tena.

Msimamo wangu ni huu: kumfutia mtu diski kabla ya kusoma logi za kompyuta yake si ufundi. Ni kubahatisha kwa pesa za mteja.

Majuzi nililetewa laptopu ya mwanafunzi wa chuo kikuu iliyokuwa imefomatiwa mara tatu katika muhula mmoja. Mara ya pili ilienda na sura mbili za mradi wake wa mwaka wa mwisho, kwa kuwa fundi hakumuuliza kama ana nakala mahali pengine. Nikamuuliza swali moja: inaganda wakati gani? Akajibu papo hapo: "Nikiiacha kidogo skrini ikazima, nikirudi haiamki." Hapo nusu ya jibu ilikuwa tayari mezani. Virusi havingoji mtu aende kunywa chai. Draiva ya grafiki kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu hiyo ilimaliza kazi. Zile sura mbili hazikurudi.

Hebu tuelewe kinachotokea. Skrini haijichorei picha. Anayechora ni kadi ya grafiki, nayo hupokea amri kupitia draiva, ile programu inayounganisha mfumo wa uendeshaji na kifaa. Sasa, wote hawa wanatakiwa kuokoa umeme. Tangu 1993 kuna kanuni ya VESA iitwayo DPMS, inayoiwezesha kompyuta kuiambia skrini ilale. Laptopu za leo zimeenda mbali zaidi: skrini nyingi huweza kuweka picha ya mwisho katika kumbukumbu yake yenyewe na kuendelea kuionyesha, huku kadi ya grafiki ikisinzia. Mbinu hiyo huitwa PSR. Wewe unasoma ukurasa mmoja, kumbe kule ndani kuna kulala na kuamka kusikokwisha.

Kulala si tatizo. Tatizo ni kuamka. Draiva yenye kasoro huiamsha kadi vibaya, au hungoja jibu lisilokuja, na kila kinachotaka kuchora kwenye skrini kinapanga foleni nyuma yake. Kwa macho yako kompyuta imekufa. Mara nyingi ndani iko hai, ila haina njia ya kukuonyesha.

Microsoft wanalijua hili. Tangu Windows Vista, mfumo huipa kadi ya grafiki sekunde 2. Isipojibu, draiva huanzishwa upya. Hakuna anayejenga hospitali pasipo wagonjwa. Na katika kesi ya "Vista Capable" huko Marekani, nyaraka za Microsoft zilizowekwa wazi mwaka 2008 zilionyesha kuwa, katika takwimu zao za kuanguka kwa Vista za mwaka 2007, draiva za NVIDIA zilibebeshwa asilimia 28.8. Tuliza roho, usome tena namba hiyo. Zaidi ya robo!

"Lakini mbona nikifomati inatulia?" Swali zuri, na ndilo linalowadanganya wengi. Windows ikiwekwa upya, mara nyingi huanza na draiva ya kawaida ya Microsoft, isiyojua mbinu nyingi za kadi yako, zikiwemo za kuokoa umeme. Kwa hiyo inatulia. Kisha masasisho yanaleta draiva ileile ya zamani kupitia intaneti, na ugonjwa unarudi. Fundi anasema umeingiza virusi vingine. Wewe unaona haya, unalipa tena.

Haya basi. Kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa diski yako, fanya hivi:

1. Ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mfumo huenda bado uko hai. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huanzisha upya draiva ya grafiki. Picha ikirudi, umemshika mwizi mkono ukiwa mfukoni.

2. Ukishawasha upya, soma logi. Kwenye Windows fungua Event Viewer, sehemu ya System, utafute namba 4101. Hiyo ni draiva ya skrini iliyoacha kujibu. Usitishwe na namba 41. Inasema tu kuwa kompyuta ilizimika bila kuaga, haisemi kwa nini. Kwenye Linux andika:

journalctl -k -b -1

Utafute mistari yenye i915, amdgpu au nouveau.

3. Badilisha kitu kimoja tu. Iambie Windows isizime skrini kamwe, kisha subiri siku tatu. Kwenye Linux, jaribu kuanzisha kerneli kwa i915.enable_psr=0 kama kadi ni ya Intel, au amdgpu.dcdebugmask=0x10 kama ni ya AMD. Kuganda kukikoma, umepata chanzo. Hili ni jaribio, si tiba. Hatutaki bili ya stima ipande bure.

4. Tiba ni draiva. Anza na ile ya mtengenezaji wa laptopu yako. Kama shida ilianza baada ya sasisho, rudi kwenye draiva ya awali.

Hakuna hata hatua moja hapo inayofuta faili.

Najua mtakachosema, mafundi wenzangu. Kuna foleni ya wateja, na kufomati hakuhitaji kufikiri. Pia ni kweli kuwa diski inayokufa, RAM mbovu na feni iliyojaa vumbi huweza kugandisha kompyuta. Sawa kabisa! Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupima kwanza. Na niambieni, ni lini kufomati kuliwahi kupangusa vumbi?

Watengenezaji nao wasijifiche nyuma yetu. Wanawasha mbinu za kuokoa umeme kiwandani ili betri isifiwe dukani, kisha baada ya miaka michache wanaacha kurekebisha draiva za modeli hiyo. Hapa kwetu, ambako wengi tunanunua laptopu zilizokwisha kutumika ng'ambo, tunazipokea wakati huohuo zinapoachwa yatima. Anayebeba mzigo ni mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku fundi akikuambia "tufomati tu", muulize swali moja: logi zinasema nini? Akikosa jibu, chukua kompyuta yako uende nayo.