Tikiti linalonukia na safari ya kuvuka Mweru

Kila mwaka, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru. Kwa wafanyabiashara wadogo wa Nchelenge, hiyo ni miezi ya kutafuta bidhaa nyingine ya kuvusha hadi Kilwa, upande wa Kongo. Tikiti tamu, si tikiti maji, lingeweza kuziba pengo hilo. Kikwazo kinajulikana na kila anayebeba matunda kwa boti: linalonukia zaidi ndilo linalowahi kuoza.

Kosa si la mbebaji peke yake. Tikiti la harufu linapoiva hutoa kwa wingi gesi iitwayo ethilini. Gesi hiyo huleta harufu, hulainisha nyama ya tunda na kulitenganisha na kikonyo. Aina zinazotoa gesi kidogo hukaa wiki kadhaa, ila hazinukii sana. Kuchuma mapema nako si dawa, kwa kuwa tikiti halina wanga wa kugeuka sukari baada ya kuchumwa. Likichumwa halijakolea, halitakolea tena njiani.

Mwaka 1996 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walipunguza ethilini katika tikiti aina ya Charentais. Tunda lilidumu, lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha harufu imeshuka sana. Rangi ya chungwa ya nyama yake haikupotea.

Hapo pana habari njema. Rangi hiyo hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwaka 2015 ilibainika kwamba inategemea zaidi tofauti ndogo katika jeni moja. Kwa hiyo lishe na kudumu vinaweza kukaa katika tunda moja. Kazi ngumu ni kuunganisha kudumu na harufu, na kazi hiyo inahitaji mbegu za aina nyingi.

Afrika inazo. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa sampuli 1,175 ulionyesha kuwa tikiti lilianza kulimwa mara tatu kwa nyakati na mahali tofauti: mara mbili India na mara moja Afrika. Tikiti moja kutoka Zimbabwe, TGR-1551, hutumiwa na wazalishaji wa mbegu duniani kwa sababu hustahimili vidukari na magonjwa kadhaa. Karibu na Lusaka kipo kituo cha SADC cha kuhifadhi mbegu, kilichoanzishwa mwaka 1989.

Suala ni nani atakayechagua. Kanuni za mbegu za COMESA za mwaka 2014 zinaruhusu aina iliyosajiliwa katika nchi wanachama wawili kuingia katika orodha ya kanda nzima. Zambia na Kongo zote ni wanachama. Aina itakayopita huko inaweza kufika masoko mengi kwa haraka. Ikichaguliwa kwa kigezo cha kudumu pekee, mnunuzi anayenusa tunda kabla ya kutoa fedha atakuta halina harufu, na za kienyeji zitakuwa zimeachwa kulimwa.

Wafanyabiashara wanajua kuliko maabara ni tunda lipi linarudiwa na wateja na lipi linatupwa ufukweni. Wakiwarudishia wakulima habari hiyo, na wakulima wakatunza mbegu za matunda hayo, wazalishaji wa mbegu watakuwa na pa kuanzia.