Wacha Atumwe Dukani

Pengine unamjua, awe wa Kibera ama Kawangware. Ana miaka 16, anaelewa polepole, na kwao hatumwi hata chumvi. Mamake anaogopa atachekwa, atapunjwa chenji, ama mtu atamgusa vibaya. Hofu hiyo si ya bure.

Lakini cheki. Pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa upande wa ulemavu ni za wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji mlezi saa zote. Huyu wa ulemavu mdogo wa akili hayumo. Akifika 18 ni mtu mzima kama wewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inamtambua, lakini haimfundishi kupanda mat.

Hiyo kazi ni ya mzazi, pole pole. Leo anunue unga, chenji ihesabiwe nyumbani. Akizoea, wa Kibera aende soko la Toi. Wa Kawangware apande 46 hadi tao, dadake akikaa kiti cha nyuma. Afunzwe kuficha namba ya siri ya M-Pesa na kusema "sitaki" kwa sauti.

Na wewe wa duka, mpe chenji kamili. Mama mwingine akisikia, kesho atamtuma wake.