Mgeni wa Ijumaa ya Kwanza

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye mzazi ambaye miguu imekataa kumfikisha kanisani. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu nilifuatana na mhudumu wa Ekaristi katika vichochoro vya Pasua, mjini Moshi, akiwapelekea wazee Komunyo.

Katika nyumba ya kwanza alikuwamo bibi aliyepita miaka 80. Meza ilikwisha kutandikwa kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa juu yake. Mjukuu alitunong'oneza kwamba bibi aliamka saa kumi alfajiri ili aoge na kuvaa. Ibada ilichukua dakika kumi. Tulipoinuka, bibi akamshika mhudumu mkono.

"Mwanangu, mbona waja kama msoma mita?"

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Utumishi huu una umri mkubwa. Mtakatifu Yustino, aliyeandika huko Roma yapata mwaka 155, ataja mashemasi waliowapelekea Ekaristi wasioweza kufika. Walei walifunguliwa mlango na hati ya Vatikano ya mwaka 1973, na bila wao padri mwenye vigango kadhaa angewafikia wazee wachache mno.

Lakini Pasua si Kilema. Kule migombani mzee asipoonekana, jirani wa kihamba cha pili atauliza. Hapa jirani ni mpangaji; leo yupo, kesho amehama. Watoto wa bibi huyu wako Dar es Salaam na Arusha, na fedha hutuma kwa simu bila kukosa. (Siwalaumu; nami hufanya vivyo hivyo.) Mwezi wa Desemba hupita kumsalimu, kisha hupanda mlimani.

Basi msomaji, ikiwa unaye mzee ndani, mwarifu mapema kiongozi wa jumuiya. Usingoje pumzi ya mwisho ndipo umwite padri kwa Mpako. Sakramenti hiyo ni ya wagonjwa na ya waliodhoofika kwa uzee pia. Tena ibada inapoanza, nawe ukae chumbani. Katika nyumba moja niliona wenyeji wote wakitoka nje, kana kwamba mzee anapigwa sindano.

Mhudumu alikuwa na nyumba sita mbele yake, kisha kazini. Alipomaliza nilirudi kwa bibi peke yangu. Alikuwa bado amevaa gauni lake la kanisani. Akanionyesha kigoda, akaanza kunihesabia majina ya watu aliofunga nao ndoa siku moja.

Wote walikuwa jozi nne. Amebaki yeye.