Fundi anajenga, mkandarasi anatajirika: Kinachokwamisha ni nini?

Anajua kazi. Anachimba msingi, anapandisha tofali, anapaua, anapiga lipu. Ana vijana kumi wanaomwita bosi. Lakini zabuni ya serikali ikitangazwa, hawezi hata kuomba.

Ndiyo hali ya mafundi wengi Tanzania, na si kwamba kazi hazipo. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka IMF kukabiliana na Uviko-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa 15,000. Utaratibu uliotumika sana ni wa force akaunti: shule inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi tu.

Kwa serikali, gharama inapungua. Kwa fundi, mkono unaenda kinywani. Ila darasa likikamilika anaondoka kama alivyokuja: hajanunua vifaa, hajasimamia bajeti, hana mkataba wa kampuni wa kuonyesha kesho.

Njia rasmi ipo. Unasajili kampuni BRELA, unapata TIN ya TRA, kisha unaenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Makandarasi wa majengo wanaanzia daraja la saba, wanapanda hadi la kwanza.

Kikwazo cha kwanza ni vyeti. CRB inataka kampuni iwe na mtaalamu mwenye sifa. Aliyejifunza kazi saiti anaweza kupimwa na VETA na kurasimishiwa ujuzi wake, lakini cheti cha fundi peke yake hakitoshi kubeba kampuni. Ndiyo maana wengine wanaungana na mhitimu wa uhandisi: mmoja analeta cheti, mwingine analeta uzoefu.

Kikwazo cha pili ndicho kinachoua kampuni changa: hela. Ukishinda zabuni, unatakiwa dhamana. Unafanya kazi kwanza, ndipo unaomba malipo. Sehemu ya fedha inazuiwa hadi kipindi cha matazamio kiishe. Malipo yakichelewa miezi mitatu, vibarua hawasubiri, wanataka chao jioni.

CRB ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana. Inasaidia, lakini dhamana hainunui saruji.

Serikali nayo imepanua uwanja. Chini ya sheria mpya ya ununuzi wa umma ya 2023 na kanuni zake, miradi ya ujenzi isiyozidi Sh50 bilioni imetengewa kampuni za ndani. Habari njema, ila kwa aliyekwisha kusajiliwa. Fundi wa force akaunti bado yuko nje ya geti.

Kwa hiyo mjadala usiishie kwenye wazawa dhidi ya wageni. Swali ni nani anamvusha fundi. Kulipa kwa wakati ni hatua moja. Kuitambua kazi ya force akaunti kama uzoefu unaohesabika ni nyingine.

Wakati hayo yakisubiriwa, fundi anayetaka kuvuka aanze na kitu rahisi: daftari. Kila kazi iwe na mkataba, risiti na picha. Bila karatasi, ukuta aliojenga hauwezi kumtetea.