Shokapu ni namba sita wa gari lako, usimsajili kwa jina

MECHI ilianza saa 10:00 jioni kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Mimi niliisikiliza kwa redio ya simu, nimekaa kwenye benchi la zahanati, mdogo wangu akifungwa bega lililovunjika. Tulikuwa tumesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwenda kuishangilia timu, na dakika 90 zote hatukuona hata kona moja.

Hatukugongana na lori. Dereva hakulewa wala hakusinzia. Kilichotuangusha ni shokapu.

Najua ukurasa huu ni wa mpira na wapo watakaosema mwandishi leo kapotea njia. Sijapotea. Kila msimu ukianza, barabara za ugenini zinajaa magari ya matawi: Land Cruiser, Prado, Hilux na Patrol, mengi yamenyanyuliwa, bendera dirishani, ngoma juu ya keria. Tunabishana wiki nzima nani aanze namba sita. Kuhusu kile kinachotufikisha uwanjani tukiwa hai, tunamwachia fundi aamue kwa macho.

Gari letu lilikuwa Land Cruiser 80 ya kaka mmoja wa tawini. Alikuwa amelinyanyua inchi 2. Kanunua springi mpya za kubeba mzigo, kanunua matairi makubwa, kafunga keria. Ilipofika zamu ya shokapu, hela ikawa imekata. "Hizi za zamani bado nzima, hazivuji," akasema. Fundi naye akakubali, maana mteja ndiye bosi.

Kwenye lami kutoka Dodoma, Manyoni hadi Tabora hakuna aliyelalamika. Wakati ule kipande cha Malagarasi hadi Uvinza kilikuwa bado na vumbi na michepuko ya ujenzi. Hapo ndipo tukaanza kusikia "tang! tang!" kwa nyuma. Tukadhani ni jeki imelegea. Kumbe kila tairi la nyuma liliposhuka shimoni, shokapu ilikuwa inavutika hadi mwisho wake na kugota. Baada ya saa moja ya kugota, ya kulia ikang'oka juu. Nyuma ya gari ikaanza kucheza, na kwenye kona iliyofuata tukaingia mtaroni, gari likalala ubavu. Mdogo wangu alikuwa kiti cha nyuma, hakufunga mkanda.

Mtu akikuambia shokapu ni kitu kidogo, mkumbushe Safari Rally ya mwaka 2021, ile iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Mbelgiji Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili ya mwisho pale Naivasha akiongoza kwa karibu dakika nzima. Kwenye hatua ya kwanza tu ya siku hiyo, shokapu ya nyuma ikafa, na mbio zake zikaishia hapo. Sébastien Ogier wa Toyota akachukua ushindi, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Yule ni dereva wa kiwanda, ana mainjinia na vipuri vya kumwaga. Sembuse sisi wa tawi.

Sasa tuongee kimpira. Springi ni beki wa kati: kazi yake ni kubeba uzito. Shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba, haibebi gari. Ni kiungo mkabaji. Springi ikibonyea inataka kurudi juu kwa nguvu na kuendelea kudunda. Shokapu inaikaba itulie, ili tairi lisiache ardhi. Tairi lililoko hewani halina breki wala usukani. Ndiyo maana shokapu ikifa, dereva mzuri na mbaya wanakuwa sawa.

Makosa yetu kwenye kununua shokapu ni yale yale ya usajili. Tunasajili kwa jina. Tunasajili kwa klipu. Tunasajili kwa sababu jirani kasajili. Hakuna anayeuliza: huyu anaingia kwenye mfumo gani? Msimamo wangu ni mmoja: shokapu ya gari lililonyanyuliwa inachaguliwa kwa tepu na mzani kwanza, jina la kampuni linafuata baadaye.

Tuanze na tepu. Chukua mfano wa shokapu yenye mwendo wa milimita 220, kutoka ilipofungwa kabisa hadi ilipovutika kabisa. Gari likiwa la kawaida, tuseme inakaa katikati: 110 za kupanda, 110 za kushuka. Nyanyua gari milimita 50, ambazo ni kama inchi 2. Shokapu ile ile imeshavutika 50 kabla hujawasha injini. Za kushuka zimebaki 60. Tairi likikutana na shimo linalotaka 80, shokapu haikabi tena, inakuwa kamba inayozuia ekseli isidondoke. Hiyo ndiyo "tang" tuliyoisikia.

Wengine wakishajua hilo wanakimbilia upande wa pili: wananunua shokapu ndefu kuliko zote dukani. Hilo nalo ni kosa, pengine baya zaidi. Shokapu ndefu ikifungwa huwa ndefu pia. Ukitua kwenye tuta, inafika mwisho wake kabla ekseli haijagusa ule mpira wa kuzuia kugonga chesisi. Uzito wote wa gari, na watu saba waliomo, unashukia kwenye fimbo ya shokapu. Fimbo inapinda, au mahali ilipofungwa panapasuka.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, mwambie fundi apime mara tatu kati ya sehemu ya juu na ya chini shokapu inapofungwa. Kwanza, gari likiwa limesimama chini na mzigo wake wa kawaida. Pili, chesisi ikiwa imenyanyuliwa na jeki na kuegemezwa vizuri, shokapu imetolewa, tairi linaning'inia. Hapo angalia pia mpira wa breki, usije ukawa ndio kitu cha kwanza kukaza. Tatu, tairi likiwa limepanda hadi ekseli imegusa mpira wa kuzuia kugonga. Shokapu unayoitaka ni ile ambayo ikifungwa inakuwa fupi kuliko kipimo cha tatu na nafasi inabaki, na ikivutika inakaribia kipimo cha pili bila kuukaza mpira wa breki. Kampuni zenye heshima huandika urefu huo wa kufungwa na wa kuvutika kwenye orodha zao. Muuzaji asiyeweza kukutajia namba hizo anakuuzia rangi.

Sasa mzani. Nani amewahi kupima gari lake likiwa na msafara mzima ndani? Keria, ngoma, tairi la akiba la pili, dumu la mafuta, maji, friji ndogo, watu na mabegi yao. Springi za kubeba mzigo mkubwa zinahifadhi nguvu nyingi zinapobonyea, na shokapu laini ya kiwandani haiwezi kuzizuia zinaporudi. Gari linarukaruka. Kinyume chake, ukifunga springi na shokapu ngumu za mzigo kwenye gari unalopeleka ofisini peke yako siku tano za wiki, utachoka mgongo na tairi litadundadunda kwenye lami iliyochakaa. Jiulize kwa ukweli: katika siku 30 za mwezi, gari langu linabeba nini siku nyingi? Jibu hilo ndilo la kumpa muuzaji, na ununue springi na shokapu zilizotengenezwa zikijuana.

Ukishavuka hapo, ndipo uongelee aina.

Kuna za bomba mbili, moja ndani ya lingine. Bei yake ni nafuu, ni laini kidogo, na jiwe likirushwa na tairi linapiga bomba la nje wakati pistoni inaendelea kufanya kazi bomba la ndani. Udhaifu wake ni joto. Shokapu inageuza mtikisiko kuwa joto kwa kusukuma mafuta kwenye matundu madogo. Barabara ya mikunjo ikiwa ndefu, mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanachanganyika na gesi na kutoa povu. Hapo ukabaji unaisha kipindi cha pili, kama kiungo aliyekata pumzi dakika ya 60.

Kuna za bomba mbili zenye sponji maalumu ndani mahali pa gesi, nyingi zikiwa na bomba nene na mafuta mengi zaidi. Hizo zinachelewa kutoa povu. Kampuni ya Ironman 4x4 ya Australia ni mojawapo ya wanaozitengeneza. Waaustralia wenzao wa ARB, wenye jina la Old Man Emu, wana za bomba mbili zenye gesi ya naitrojeni.

Kuna za bomba moja, ambazo Bilstein wa Ujerumani wamejijengea jina nazo. Mafuta na naitrojeni vinatenganishwa na pistoni ya pili, kwa hiyo povu halipati nafasi, na joto linatoka moja kwa moja kwenye ukuta wa bomba. Usukani unakuwa makini zaidi. Lakini ukuta huo ndio pistoni inapopita. Jiwe likiubonyeza, pistoni inaweza kukwama. Kwenye barabara za kokoto, zikague mara kwa mara.

Na zipo zenye chupa ya pembeni ya kuongeza mafuta na gesi. Nzuri sana, ghali sana. Kwa mshabiki anayekwenda ugenini mara sita kwa msimu, huko ni kusajili mshambuliaji wa Ulaya aje kucheza ndondo.

Kwa Land Cruiser yenye familia na safari chache za vumbi, mimi ningechukua bomba mbili nene au zile za sponji, zenye urefu sahihi, kuliko bomba moja la jina kubwa lenye urefu wa kubahatisha. Atakayebisha abishe, lakini aje na tepu.

Wenye Prado na Hilux wana la kwao. Mbele, springi na shokapu zimefungwa pamoja na kila tairi linajitegemea. Vile vyuma vya kuongeza urefu vinavyowekwa juu yake vinanyanyua gari, ila havikuongezei hata milimita moja ya mwendo wa shokapu. Ukizidisha inchi 2, unaanza kula shafti za mbele na mipira yake. Na kila aliyenyanyua gari la aina yoyote apime upya matairi na usukani, na yule mwenye gari lenye kifaa cha kugawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo akirekebishe. Ukinyanyua nyuma, kifaa hicho kinadhani gari ni tupu na kinapunguza breki wakati umejaza watu.

Najua hoja ya gharama. "Kaka, shokapu nne ni hela ya tiketi za msimu na jezi za familia nzima." Ni kweli, na sina ujanja wa kuifanya iwe uongo. Nina jibu moja tu: kama hela haitoshi kununua springi na shokapu pamoja, usinyanyue gari. Gari la urefu wa kiwandani lenye shokapu nzima ni salama kuliko gari refu lenye shokapu za mkopo. Na ukiona shokapu ya jina kubwa inauzwa nusu ya bei ya wengine wote, hiyo ni jezi feki. Tofauti ni kwamba jezi feki inachuja rangi, hii inakulaza mtaroni.

Wapo pia wanaosema babu zao walivuka nchi na Land Rover bila makeke haya. Sawa. Lakini magari yale hayakuwa yamenyanyuliwa juu ya vipimo vyake. Wewe umebadilisha mfumo, badilisha na mchezaji.

Mwisho, matawi yetu yana kamati ya hamasa, kamati ya fedha, kamati ya jezi. Naomba moja zaidi: mtu mmoja wa kulala chini ya gari siku mbili kabla ya safari, na tochi, akiangalia mafuta yanayovuja, bushi zilizokufa na nati zilizolegea. Na awe na mamlaka ya kusema gari hili haliendi, hata kama ni la mwenyekiti.

Mdogo wangu amepona, ingawa mkono haunyooki wote juu. Timu ikifunga, wenzake wanainua mikono miwili, yeye anainua mmoja na nusu. Yule kaka mwenye Land Cruiser alinunua shokapu mpya mwezi uliofuata. Alipima kwanza, mara tatu, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika tochi.