Bi harusi wakili: tusimvue joho



Sisi tunashona Galula, huku bonde la Rukwa, mkoani Songwe. Kisiwani tulikuja na vyerehani vyetu tulipoolewa bara, na wateja wetu ni wake wa wakulima wa mpunga na ufuta, na wa wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Mkwajuni. Na mabibi harusi, alhamdulillah, hawakosekani.

Kabla ya Ramadhani alitujia binti mmoja mzaliwa wa hapa hapa, sasa ni wakili Mbeya mjini. Alitaka vitu viwili: gauni la nikah, na suti nyeusi ya mahakamani yenye sketi ndefu na koti la kufunika nyonga. Tukampima. Siku ya kujaribisha alikuja na shangazi wa mchumba wake. Yule mama akatwambia, "Gauni limalizeni. Suti iacheni, akishaolewa haendi tena mahakamani." Binti hakujibu kitu. Mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya hakimu akasema, pale kwetu alinyamaza akaangalia chini.

Tangu siku ile mas'ala haya hayatutoki. Maoni yetu tutayasema wazi: kumtaka bi harusi aache uwakili kama sharti la kuolewa ni kosa, na hasara yake inatufika sisi wanawake wote.

Tusijifanye kuwa kazi hiyo ni nyepesi. Kwanza kuipata ni shida. Binti anasoma shahada ya sheria miaka mitatu au minne, kisha anaingia Shule ya Sheria kwa Vitendo, ndipo aapishwe kuwa wakili. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yalishtua nchi nzima: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu ndio waliofaulu kwa mara ya kwanza. Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Kwa hivyo dada aliyefika akavaa joho na vitambaa vile viwili vyeupe shingoni, amepita pembamba.

Akishafika, kesi haiendi kwa saa yake. Anatoka nyumbani alfajiri, anafika mahakamani, anaambiwa shahidi hakuja, kesi imeahirishwa. Mteja amemlipa nusu na hiyo nusu imeishia kwenye nauli. Kutoka Mbeya kuja huku kwetu ni kupita Mbalizi na kushuka bondeni, na akirudi usiku umeingia. Nyumbani mume anauliza ulikuwa wapi, wifi anauliza ulikuwa na nani. Na hawezi kueleza kila kitu, kwa sababu siri ya mteja ni amana, hata mume haambiwi.

Halafu yako yale anayolala nayo. Amesikiliza mtoto aliyebakwa akieleza, au mama aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake. Anaweza kuwa na haki upande wake na mteja akaondoka mikono mitupu. Iko kesi moja kila mwanasheria wa Tanzania anaijua, ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Mahakama ilisema kazi ya mke nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Mpaka leo mwanamke asiyekuwa na mshahara anaitegemea kauli ile. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa kuwa mahakama iliona ameshapoteza fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia. Wanawake wote tulifaidika, yeye hakufaidika. Wakili wa mteja kama huyo arudi nyumbani na uso gani?

Na iko hatari ya kazi yenyewe. Fatma Karume ni mtoto wa visiwani kwetu. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Mwaka 2019, kwenye kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu ilimsimamisha uwakili kwa maneno aliyoyaandika katika hoja zake. Mwaka 2020 Kamati ya Mawakili ikamfuta katika orodha ya mawakili wa Tanzania Bara. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo. Ukubaliane na siasa zake au usikubaliane, jiulize wangapi wetu tungestahimili miaka miwili ya kufungiwa riziki.

Kwa hivyo shangazi yule hakutunga uongo. Kazi ni ngumu, inachosha, ina safari na ina maneno ya watu. Tunachompinga ni dawa aliyoichagua.

Kwa sababu tukipatwa na jambo, sisi tunamtafuta nani? Mwanamke aliyepigwa, aliyeachwa bila ya kitu, aliyefichiwa mirathi ya baba yake, anataka kumweleza mwanamke mwenzake. Yako mambo ya chumbani huwezi kumtamkia mwanamme asiyekuwa mumeo, hata akiwa na vyeti kumi. Unguja tunao ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar, na bara wapo TAWLA tangu mwisho wa miaka ya themanini. Wanawake wangapi wamelia mbele yao? Kila mama mkwe akimvua mkwewe joho, huko ataenda nani?

Huku bara ndoa ya Kiislamu ikivunjika, shauri linapita BAKWATA kwa usuluhishi, likishindikana linakwenda mahakama ya kawaida. Kisiwani tunayo Mahakama ya Kadhi, na sheria mpya ya mwaka 2017 imewaruhusu mawakili kuingia humo kumsemea mtu. Mlango umefunguliwa. Itakuwa ajabu tuufungue mlango, kisha mabinti zetu tuwafungie ndani.

Wengine wanasema sauti ya mwanamke haifai kubishana mbele za watu. Sisi si masheikh, tumesoma skuli ya sekondari na kozi ya ushonaji. Lakini kila mmoja wetu kasoma madrasa kuwa iko sura nzima, Al-Mujadila, iliyoitwa kwa jina la mwanamke aliyejadili. Bibi Khawla bint Tha'labah alikwenda kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, kulalamikia dhulma ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akayasikia maneno yake. Hakuambiwa arudi jikoni.

Wengine wanasema hijabu na mahakama haviendi pamoja. Hapo sasa mmeingia dukani kwetu. Uingereza, Raffia Arshad aliambiwa na mtu wa familia yake aivue hijabu siku ya usaili wa ufadhili wa masomo ya uwakili, la sivyo atakosa. Akaivaa na akapata. Amefanya kazi miaka mingi, na hata akiwa wakili mzoefu watu mahakamani walimdhania ni mteja au mkalimani. Mwaka 2020 akateuliwa kuwa naibu jaji wa wilaya. Na mwaka 2022 mawakili wawili huko huko, Karlia Lykourgou na Maryam Mir, walitoa hijabu maalumu za mahakamani. Kwa hiyo kitambaa si lazima kiwe kizuizi. Mtandio mweusi au mweupe wa pamba laini isiyoteleza, upindwe ndani ya kola usifunike vile vitambaa vya shingoni, mambo yamekwisha. Tukiletewa tutashona.

Sasa tuseme na wewe bi harusi. Usinyamaze kama mteja wetu alivyonyamaza. Nikah ni mkataba, na masharti ya halali huwekwa kabla, si baada ya fungate. Mwambie mchumba mapema, mbele ya walii wako: kazi yangu ina safari, nikichelewa nitapiga simu, faili za wateja haziguswi, sipokei mteja mwanamme nyumbani peke yangu, nikiwa mjamzito nitapunguza kesi za mbali. Nawe usikilize yake. Akisema watoto wasilelewe na dada wa kazi peke yake, hiyo ni haki yake kuisema, kaeni mpange. Na kama wewe mwenyewe, kwa ridhaa yako, unataka kupumzika miaka michache ulee, hakuna wa kukulaumu. Tofauti ni kubwa baina ya kuvua joho na kuvuliwa.

Na sisi tuliozunguka bi harusi, mashangazi, mawifi, masomo, tuna letu la kufanya. Siku ana kesi, mpokee mtoto. Akirudi kimya usimwite ana kiburi, huenda kasikia jambo zito. Mpikie. Sisi tunaojua kukesha na nguo za sikukuu tunajua uchovu wa kazi ya watu wengine.

Gauni la yule binti lilichukuliwa wiki ya harusi, na lilimpendeza, mashaallah. Suti hatukuiacha kama tulivyoambiwa. Tumeimaliza, tumeipiga pasi, imetundikwa nyuma ya mlango na jina lake limeandikwa kwenye karatasi. Siku akija na mumewe kuichukua, hatutamdai hata shilingi.

Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu waume wenye kuelewa, na awape nguvu wanaosimama kuwatetea wanyonge. Amin.