Mkae chini ya fundi

Kijana wa Mikocheni anayechora katuni za runinga hachelewi kudhani kompyuta inatosha kumfundisha. Lakini hapo jirani, Oysterbay, Edward Saidi Tingatinga aliwafundisha jamaa zake wachache kuchora. Alifariki ghafla mwaka 1972. Angeuficha ujuzi wake, ungezikwa naye. Wanafunzi wake waliuendeleza, na mwaka 2010 michoro ya mtindo huo ilitembea kwenye runinga katika katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi.

Kutoka 35:34 inatukumbusha kuwa Bezaleli alipewa na Mungu ufundi pamoja na moyo wa kufundisha. Vijana, mkiambiwa mchore upya, msinune. Nanyi mafundi, msiwanyime wadogo zenu mlichopewa bure.